Siku 300 za EEOC zimepita. Je, California bado naweza kushtaki?

Swali

Habari za kazi, ndugu wataalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Uvira, nilikuja kama mkimbizi na sasa naishi City Heights, San Diego. Nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba ya uuguzi yenye wafanyakazi kama 60. Tangu Novemba 2024 msimamizi wangu alinikataza kuongea Kiswahili na mwenzangu wa Kigoma, hata tukiwa chumba cha mapumziko, na akawa anaigiza lafudhi yangu mbele za watu. Januari 27, 2025 nilimwandikia ujumbe afisa wa utumishi. Wiki mbili hazikuisha, zamu zangu zikashushwa kutoka tano hadi mbili kwa wiki. Machi 10 nikafukuzwa, wakasema nachelewa. Walinipa karatasi ya kusaini ili nipate hundi. Mpaka leo, Mei 2026, sijaisaini. Rafiki yangu anasema nimechelewa kwa sababu EEOC wanapokea malalamiko ndani ya siku 300 tu. Nina sauti ya msimamizi niliyoirekodi kwa simu bila yeye kujua. Tena naogopa, kwa sababu maombi yangu ya kadi ya kijani hayajatoka. Nianzie wapi?

Jibu

Pole na yaliyokukuta, dada. Rafiki yako hesabu yake ni sahihi. Siku 300 kuanzia Machi 10, 2025 ziliisha Januari 4, 2026, kwa hiyo kwenye tume ya shirikisho inayoshughulikia ubaguzi kazini, EEOC, suala la kufukuzwa kwako limepitwa na wakati. Alichosahau ni kwamba California ina sheria yake ya kukataza ubaguzi na idara yake ya kuisimamia, na muda wa kulalamika huko ni miaka mitatu. Hujachelewa. Lakini iko saa nyingine, ya mwaka mmoja, inayoanza kwenda pale unapopewa karatasi fulani, na kesi nzuri hufia hapo kuliko kwenye hiyo miaka mitatu. Tutaifikia.

Sheria ni mbili

California ilipiga marufuku ubaguzi kazini mwaka 1959, miaka mitano kabla ya Washington kupitisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mwaka 1963 ikaja sheria ya makazi iliyobeba jina la mbunge Byron Rumford, na mwaka 1980 hizo mbili zikaunganishwa kuwa sheria moja ya ajira na makazi, ambayo mawakili huiita FEHA. Ndiyo maana haifanani na ya shirikisho hata kidogo mahali pengine. Msimamizi wake ni Idara ya Haki za Kiraia ya California, CRD. Kabla ya Julai 2022 iliitwa DFEH, kwa hiyo ukikuta jina hilo kwenye bango la kazini au kwenye fomu ya zamani, ujue ni idara ile ile.

Kwako wewe tofauti zenye uzito ni hizi. Sheria ya shirikisho inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Ya California inaanzia watano, na kwa bughudha inatosha mfanyakazi mmoja. Fidia ya maumivu ya moyo na ya adhabu, chini ya sheria ya shirikisho, ina dari: mwajiri mwenye wafanyakazi kati ya 15 na 100 hawezi kuamriwa kulipa zaidi ya dola 50,000 kwa hayo mawili yakijumlishwa. California haina dari hiyo. Na muda ni siku 300 upande wa shirikisho, miaka mitatu upande wa California. Huo wa miaka mitatu ulianza kutumika Januari 1, 2020; zamani ulikuwa mwaka mmoja, na wapo bado wanaoshauri watu kwa hesabu ya zamani.

Miaka mitatu inahesabiwa kwa kila tendo peke yake. Kufukuzwa kwako: mwisho Machi 10, 2028. Kupunguzwa zamu: Februari 2028. Kukatazwa lugha na kuigizwa lafudhi, kulikoanza Novemba 2024: ukihesabu kwa ukali, tukio la kwanza linaisha Novemba 2027. Mahakama za California zinakubali kuunganisha matukio yanayofanana na yaliyofululizana yakahesabiwa kama mwenendo mmoja, lakini hoja hiyo mwachie wakili aitumie pakibidi. Wewe jiwekee tarehe ya mapema kuliko zote.

Mlango mwingine wa shirikisho haujafungwa. Sheria ya zamani sana, iliyotungwa baada ya vita vya kukomesha utumwa, inayojulikana kama kifungu cha 1981, inaruhusu kesi ya ubaguzi wa rangi na asili ya ukoo moja kwa moja mahakamani ndani ya miaka minne, bila kupitia EEOC na bila dari ya fidia. Upungufu wake ni kwamba lazima uthibitishe kuwa bila rangi yako usingetendewa hivyo, kigezo kigumu kuliko cha California. Mtajie wakili, basi.

Kukatazwa Kiswahili

Hapa ndipo sheria ya jimbo inapoizidi ya shirikisho waziwazi. Mwaka 1993 mahakama ya rufani ya shirikisho inayohusika na California iliamua, katika kesi ya kiwanda cha nyama cha Spun Steak, kwamba kanuni ya "Kiingereza tu" haimdhuru mfanyakazi anayejua lugha zote mbili. Uamuzi huo ungekubana, kwa sababu Kiingereza unakijua. Mwaka 2001 Bunge la California likatunga kifungu chake, 12951 cha Kanuni za Serikali: mwajiri mwenye wafanyakazi watano au zaidi haruhusiwi kuzuia lugha yoyote isipokuwa ana ulazima wa kikazi, na awe amewaarifu wafanyakazi ni wakati gani kanuni inatumika na atakayeivunja atafanywa nini.

Huo ulazima si neno la kujisemea tu. Lazima kanuni iwe inahitajika ili kazi iende kwa usalama na ufanisi, iwe inatimiza kusudi hilo kweli, na pasiwe na njia nyingine isiyobagua ambayo ingetosha. Katika nyumba ya wazee, mwajiri anaweza kutetea kanuni ya kuongea Kiingereza mbele ya mgonjwa anayehudumiwa, au mnapokabidhiana zamu. Chumba cha mapumziko hakiteteeki. Kanuni za utekelezaji za jimbo zinasema wazi kwamba muda usio wa kazi, yaani mapumziko na chakula, hauwezi kuwekewa marufuku ya lugha. Kwa hiyo ukieleza, tenganisha: alikukataza wapi, saa ngapi, mkiwa mmesaini kutoka kwa mapumziko au la. Sentensi moja ya "tukiwa mapumziko ya saa 6 na nusu mchana, mlango umefungwa, hakuna mkazi wa nyumba aliyekuwepo" ina thamani kuliko ukurasa mzima wa kulalamika kwamba anawachukia Waafrika.

Lafudhi vivyo hivyo: mwajiri hana haki ya kukuadhibu kwa ajili yake ila athibitishe kwamba inazuia kazi yako kwa kiasi kikubwa. Kuigizwa mbele za watu ni bughudha. Na katika bughudha msimamizi anawajibika yeye mwenyewe kwa mfuko wake. Katika kufukuzwa na kulipiziwa kisasi anayewajibika ni kampuni tu. Kumbuka tofauti hiyo utakapojaza majina ya unaowalalamikia.

Dai lako lenye nguvu ni kisasi

Watu wengi wakija na jambo kama lako huweka ubaguzi mbele na kisasi nyuma, kama kiambatanisho. Sisi tungegeuza. Kuthibitisha kwamba msimamizi alikuchukia kwa asili yako ni kuingia kichwani mwa mtu. Kuthibitisha kisasi ni mambo matatu yanayoshikika: ulilalamika, ulidhuriwa, na kuna uhusiano kati ya hayo mawili. Ujumbe wako wa Januari 27 ni la kwanza. Kushushwa kutoka zamu tano hadi mbili ni la pili, na linasomeka kwenye ratiba. Wiki mbili kati yake ni mwanzo wa la tatu. Huhitaji hata kushinda dai la ubaguzi. Inatosha kwamba uliamini kwa nia njema, na kwa sababu inayoeleweka, kwamba unachokilalamikia kinakatazwa na sheria.

Ujumbe wenyewe ulisemaje? Kama uliandika "msimamizi ananinyanyasa, naomba msaada", wakili wa kampuni atasema hilo lilikuwa lalamiko la tabia mbaya, halikuhusu ubaguzi. Kama uliandika "anatukataza lugha yetu na anacheka lafudhi yangu", uko pazuri. Usiujaribu kuurekebisha sasa wala kuuandika upya. Uhifadhi ulivyo, pamoja na tarehe na namba iliyoupokea.

Tena wiki mbili pekee hazitakufikisha mwisho. Mwajiri atatoa sababu yake, kuchelewa, na hapo mzigo unakurudia wewe: uonyeshe kuwa sababu hiyo ni kisingizio, au kwamba kisasi kilikuwa kichocheo kikubwa cha uamuzi. Ukaribu wa tarehe hufungua mlango, lakini mahakama za California zimeshasema peke yake hautoshi kuthibitisha kisingizio. Kinachosaidia ni kulinganisha. Nani mwingine alichelewa, mara ngapi, akafanywa nini? Ulikuwa unachelewa kabla ya Januari 27 bila kuandikiwa onyo? Maonyo yote yaliandikwa Februari? Majibu yako kwenye rekodi za mwajiri mwenyewe.

Na upande wa pili uujue: kama kampuni itathibitisha kwamba ingekufukuza hata bila kisasi, kwa mfano ulichelewa mara kumi na mbili na kila aliyefikia kumi hufukuzwa, Mahakama Kuu ya California iliamua mwaka 2013, katika kesi dhidi ya jiji la Santa Monica, kwamba hutapata mshahara uliopotea wala fidia, hata kama kisasi kilichangia. Kwa hiyo usifiche uchelewaji wako kwa wakili. Autafute ukweli kwako, si kwenye faili la mpinzani.

Hiyo sauti uliyorekodi

Usimtumie mtu yeyote. Usiiweke WhatsApp, usiichezee rafiki, usiiambatanishe kwenye malalamiko. California ni jimbo ambalo kurekodi mazungumzo ya faragha bila ridhaa ya wote wanaozungumza ni kosa la jinai, kifungu cha 632 cha Kanuni ya Adhabu, na aliyerekodiwa anaweza kukudai dola 5,000 kwa kesi ya madai. Kama alikuwa anapiga kelele ukumbini mbele ya watu kumi, huenda mazungumzo hayo hayakuwa ya faragha na hakuna kosa. Kama mlikuwa wawili ofisini kwake, mambo ni mengine. Usiifute pia, kwa sababu kufuta ushahidi nako ni tatizo. Iache ilipo, mwambie wakili katika mazungumzo ya kwanza.

Badala yake andika leo, kwa kumbukumbu yako, aliyoyasema, siku gani, nani alisikia. Shahidi aliyekuwepo ni bora kuliko sauti yenye utata. Ujumbe wa simu, WhatsApp na barua pepe ulizotumiwa wewe ni zako kuzitumia. Ila picha za majalada ya wagonjwa usiziguse; kama zimo kwenye simu yako, mwambie wakili, kwani sheria za siri za wagonjwa zitampa mwajiri silaha ambayo hakuwa nayo.

Omba faili lako kabla ya kulalamika

Hatua hii haina gharama, na watu huiruka. Mfanyakazi wa sasa au wa zamani ana haki ya kupata nakala ya faili lake la utumishi ndani ya siku 30 tangu aombe kwa maandishi, na rekodi za mishahara ndani ya siku 21. Mwajiri asipotimiza, kila kimoja kina adhabu ya dola 750 kwako. Mfanyakazi aliyeondoka anahudumiwa ombi moja la faili kwa mwaka, kwa hiyo litoe kamili mara ya kwanza.

Barua iwe fupi, kwa Kiingereza. Taja jina lako na namba ya mfanyakazi, siku ulizoanza na kuacha kazi. Omba faili lote la utumishi pamoja na rekodi zote za utendaji na malalamiko yaliyokuhusu chini ya kifungu cha 1198.5 cha Kanuni ya Kazi. Rekodi za mishahara chini ya kifungu cha 226. Na nakala ya kila karatasi uliyowahi kusaini chini ya kifungu cha 432. Usieleze sababu, usitishie, usitaje kesi. Tuma kwa posta yenye stakabadhi ya kupokelewa, utunze risiti, hesabu siku.

Hizo karatasi ulizosaini zinaweza kukuonyesha jambo: kama siku ya kuajiriwa ulisaini mkataba wa usuluhishi, yaani kukubali kwamba migogoro haitaenda mahakamani bali kwa msuluhishi binafsi. Katika nyumba za uuguzi ni jambo la kawaida, na huwa limefichwa kati ya fomu thelathini. Halikuzuii kwenda CRD. Linaweza kubadilisha mahali kesi itakaposikilizwa, kwa hiyo wakili alijue mapema.

Faili la zamani utalipata: sheria inamtaka mwajiri atunze rekodi za utumishi kwa miaka minne.

Kufungua malalamiko CRD

Hakuna ada. Unaweza kujaza mtandaoni kwa kufungua akaunti kwenye mfumo wao, kwa simu, au kwa posta. Unachojaza kwanza ni fomu ya utangulizi, ambayo bado si malalamiko yenyewe. Ofisa atakupangia miadi ya mahojiano kwa simu. Omba mkalimani wa Kiswahili tangu kwenye fomu, na ukipewa anayeongea Kiswahili usichokielewa vizuri, sema hapo hapo mpangiwe mwingine. Mtoto wako asikufasirie. Baada ya mahojiano, wakiona jambo linaangukia sheria yao, wataandaa malalamiko, utayasoma na kuyatia sahihi ukithibitisha kuwa ni ya kweli. Kisha yanapelekwa kwa mwajiri naye anajibu. Mara nyingi hapo hupendekezwa upatanishi wa bure, na kuukubali si kukubali kushindwa.

Yanayoharibika kwenye fomu ni haya.

Jina la mwajiri. Jina lililo kwenye bango la nyumba ya uuguzi mara nyingi si jina la kampuni iliyokuajiri. Angalia hati yako ya mshahara: sheria inataka iwe na jina kamili la kisheria na anwani ya mwajiri. Kama kuna mawili, la wakala aliyekuleta na la nyumba yenyewe, yaandike yote. Na mtaje msimamizi kwa jina, kama mlalamikiwa wa bughudha. Asipotajwa sasa, baadaye itakuwa kazi kumwingiza.

Visanduku vya sababu. Usiweke alama kimoja ukaona yatosha. Kwa maelezo yako vinavyohusika ni rangi, asili ya ukoo, asili ya taifa, na kulipiziwa kisasi. Na kama alikuwa anasema pia juu ya wewe kuwa mwanamke, jinsia. Tangu Januari 1, 2025 sheria ya California imetamka kwamba mtu anaweza kubaguliwa kwa mchanganyiko wa sifa, kwa hiyo asije mtu akakuambia "mbona Mwafrika mwanaume hakuguswa?" ukanyamaza. Madai usiyoyaweka kwenye malalamiko, mahakama inaweza kukataa kuyasikiliza.

Maelezo. Yasiwe ya hisia. Linganisha. Mtu anaandika: "Msimamizi alikuwa ananionea kwa sababu mimi Mkongo, akanifukuza bila sababu." Ofisa hana cha kuchunguza hapo. Sasa hivi: "Novemba 2024 msimamizi wa zamu ya asubuhi aliniambia mimi na mfanyakazi mwenzangu tusiongee Kiswahili katika chumba cha mapumziko. Hakuna kanuni iliyoandikwa tuliyopewa. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakiongea Kitagalogi chumba hicho hicho hawakukatazwa. Januari 27, 2025 nililalamika kwa afisa wa utumishi kwa ujumbe wa simu. Kuanzia wiki ya Februari 9 ratiba yangu ilikuwa zamu mbili." Hilo la Kitagalogi tumelibuni kama mfano, andika lililotokea kweli.

Na angalia uliwaandikia nini EDD, idara ya jimbo inayolipa fedha za ukosefu wa kazi, kama uliomba fedha hizo. Kama kule uliandika kwamba uliacha mwenyewe, au ulikubali kuwa ulifukuzwa kwa kosa lako, karatasi hiyo itafufuka.

Ile saa ya mwaka mmoja

Mfumo wa CRD utakupa chaguo mbili. Moja ni kuomba uchunguzi. Nyingine ni kuomba mara moja notisi ya haki ya kushtaki, na notisi inatoka papo hapo. Inavutia: unabonyeza, unapata karatasi yenye nembo ya jimbo, unaona umefika. Kumbe umefanya mambo mawili. Umeiambia idara isichunguze. Na umewasha saa: ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya notisi lazima kesi iwe imefunguliwa mahakamani, hata kama miaka mitatu ya kulalamika ilikuwa bado. Ukiichukua Juni 2026, mwisho wako umeshakuwa Juni 2027, badala ya 2028 kulalamika na mwaka juu yake. CRD yenyewe hushauri kwamba notisi ya papo hapo iombwe na mwenye wakili.

Kwa hiyo: huna wakili, omba uchunguzi. Una wakili, mwachie yeye aamue siku ya kuichukua. Wakili aliyekubali kesi mara nyingi ataichukua, kwa sababu uchunguzi wa idara kwa lalamiko la mtu mmoja unaweza kufika mwaka, naye anataka kwenda mahakamani akiwa na mashahidi wanaokumbuka. Uchunguzi ukiisha bila idara kufungua kesi, notisi utaipata pia, na saa itaanza hapo. Ukihama nyumba katikati, badilisha anwani kwao. Barua iliyokwenda City Heights wakati wewe uko El Cajon haisimamishi saa.

Hundi na karatasi ya kusaini

Kwanza tofautisha. Mshahara wako wa mwisho ulikuwa haki yako siku ile ile ya kufukuzwa, bila kusaini chochote. Kama haukulipwa, kuna adhabu ya mshahara wa siku kwa kila siku ya ucheleweshaji, hadi siku 30, na hilo ni dai tofauti. Hundi inayotaka sahihi ni malipo ya ziada ili uachie madai yako. Tangu 2022 sheria ya California inamtaka mwajiri anapokupa makubaliano ya kuachana akujulishe kuwa una haki ya kuonana na wakili na akupe si chini ya siku tano za kazi, na makubaliano hayawezi kukuziba mdomo usiseme vitendo vya kinyume cha sheria vilivyotokea kazini. Usisaini, na usiitupe. Mara nyingine karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha kampuni ilijua ina tatizo.

Wakili na fedha

Mawakili wa wafanyakazi California kwa kawaida hulipwa kwa asilimia ya kitakachopatikana, mara nyingi kati ya theluthi moja na asilimia 40, bila kitu mwanzoni. Ukishinda, mahakama inaweza kumwamuru mwajiri alipe gharama za wakili wako. Ukishindwa, hutalipishwa za wakili wake isipokuwa kesi ilikuwa ya upuuzi tangu mwanzo. Uliza kwa maandishi: asilimia inahesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama za kesi? Kesi ikishindwa, gharama hizo nani analipa? Hakikisha namba yake ya leseni kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo. Mtu wa mtaani anayejaza fomu za uhamiaji si wakili, hata awe mtu wa kwenu.

Wakati huo huo tunza orodha ya kazi unazoomba: tarehe, mahali, majibu. Sheria inakutaka ujitahidi kupata kazi nyingine, na mshahara uliopotea utapunguzwa kwa kiasi ambacho ungeweza kupata.

Na usimpe ndugu yako wa jimbo lingine tarehe za jibu hili. Texas ni siku 180 kwa ubaguzi wa kawaida kazini. Minnesota mwaka mmoja. Illinois miaka miwili tangu Januari 2025. New York miaka mitatu tangu Februari 2024. Hata California yenyewe, ubaguzi wa nyumba ya kupanga ni mwaka mmoja tu kwa CRD.

Kadi ya kijani

Kulalamika kuwa umebaguliwa si kosa, na kwa hilo lenyewe si sababu ya kunyimwa kadi. Sheria za kazi na za haki za kiraia za California zinamlinda kila mfanyakazi bila kujali hadhi yake ya uhamiaji, na mpinzani hawezi kuchimba habari hizo katika kesi bila kuithibitishia mahakama kwa ushahidi mzito kwamba sheria ya shirikisho inalazimu. Mwajiri akikutishia kukuripoti, au kuripoti mtu wa familia yako, kwa sababu umelalamika, tishio lenyewe ni kosa jipya: andika siku, saa na maneno, uliongeze kwenye malalamiko. Fidia utakayopata si msaada wa serikali, na mkimbizi anayeomba kadi kwa hadhi ya ukimbizi hapimwi kwa kigezo cha kuwa mzigo kwa serikali.

Mambo mawili tu ya kuangalia. Nyaraka za mahakamani husomwa na yeyote, hivyo masimulizi yako ya maisha humo yasipingane na yale ya kwenye faili la uhamiaji, hata kwa tarehe za kazi. Na wakili wa kazi akuulize kuhusu kibali cha kazi: mkimbizi ana ruhusa ya kufanya kazi kwa hadhi yake yenyewe, lakini kama kadi ya kibali uliyoonyesha kazini iliwahi kuisha muda katika kipindi unachodai mshahara, mpe nakala zake zote siku ya kwanza, ya zamani na mpya, kabla kampuni haijalitumia kukata hesabu ya mshahara.